Mfuko wa Upepo wa Fundi Ghanim

Fundi Ghanim alikuwa na kesi na ndege, na kesi hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne.

Nyumba yake ya makuti ilikuwa Changamwe, upande wa kaskazini wa uwanja wa Port Reitz, karibu na seng'enge kiasi cha kuku wake kwenda kuparua kwenye nyasi za serikali. Miezi ya kusi ndege zilishuka juu ya paa lake, chini chini, kama zinazotaka kuchungulia chunguni mna nini. Miezi ya kaskazi zilitoka upande wa pili zikipanda, zikinguruma juu ya paa lilo hilo mpaka vikombe vikacheza kabatini. Ghanim hakuwa na shaka kwamba ilikuwa kusudi. Wakubwa wa uwanja walikaa mezani, wakanywa chai yao, wakapanga zamu ya kumwudhi mwaka mzima asipumue.

Alipeleka barua tatu za malalamiko. Mwenyewe alisoma chuo cha Kurani akahitimu juzuu zake, lakini skuli alikwenda mwaka mmoja na nusu tu. Kwa hiyo barua alizisema kwa mdomo, binti yake Hafswa akaziandika. Hazikujibiwa. Na ni lini wakubwa walimjibu mtu wa Changamwe? Wao hujibiana wenyewe kwa wenyewe.

Waliomjua walisema ugomvi huo haukuanza na ndege. Ulianza mwaka wa hamsini na saba, mkewe Samiha aliposhikwa na tumbo. Gari la serikali la kumvusha kwenda hospitali ya kisiwani lilikuwepo, limesimama kivulini, dereva yumo ndani. Lakini halikuruhusiwa kutoka bila karatasi yenye sahihi, na mwenye kutia sahihi hakuwa mezani. Ghanim alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, karatasi ameishika kwa mikono miwili, tangu saa nne asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Sahihi ilipatikana saa nane. Samiha hakuingoja.

Tangu siku hiyo Ghanim alishona maturubai yake kimya: ya maroli, ya harusi, ya matanga. Sindano yake ya shazia ilipita kitambaani kama inayomchoma mtu.

Basi mwezi wa Novemba, mwaka wa sitini na moja, mvua za bara zilikuwa zimefurika hata Changamwe nzima haikuzungumza jingine, mtu alibisha hodi uani. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa suruali ya kazi yenye madoa ya mafuta.

"Hodi hapa, mzee."

"Karibu. Mzee ni babako. Mimi ni fundi."

"Fundi, basi. Naitwa Nicanor, nafanya kazi kwa mafundi wa ndege hapo uwanjani. Nimetumwa. Soksi yetu imeraruka."

"Nenda kwa Mhindi. Mimi nashona turubai."

"Hii ni soksi ya futi kumi."

Ghanim aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Ya mguu wa nani?"

Nicanor akacheka, akamweleza. Ulikuwa ni mfuko wa turubai jeupe uliotundikwa kwenye mlingoti pembeni ya uwanja ili rubani autazame ajue upepo unatoka wapi. Akatoa karatasi ya ofisini yenye vipimo: urefu futi kumi, mdomo futi tatu, mkia futi moja, ncha zote mbili ziachwe wazi.

"Ncha zote mbili," Ghanim alisema. "Mfuko huu utatiwa nini?"

"Upepo."

"Yakhe, hata upepo ukitaka kuuweka lazima ufunge upande mmoja."

"Mimi nimetumwa tu, fundi. Vipimo ni vya wakubwa."

Hilo ndilo neno ambalo hakupaswa kulisema. Jioni ile Ghanim alikata turubai, akaligeuza, akaligeuza tena. Marehemu babake alimfundisha kwamba kazi isiyofungwa mwisho ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga shuka. Akajisemea: wamekosea, kama kawaida yao, na lawama zikija zitaniangukia mimi. Akachukua uzi wa nta akaufunga mkia kwa mishono miwili, mmoja juu ya mwingine, sahihi na imara, na kwa mara ya kwanza siku nyingi akahisi amewashinda.

Nicanor alikuja kuuchukua Jumanne asubuhi, umekunjwa na kufungwa kamba. Hakuukunjua.

Adhuhuri ya Jumanne hiyo hiyo ikaja telegramu.

Hafswa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Nairobi. Hilo babake alikuwa amekwisha kuliridhia, kwa shida, baada ya Khale Kafedha, dada wa marehemu Samiha, kuja kukaa kwake na kumsemesha siku mbili bila kupumzika. Tikiti ya treni ilikuwa tayari, sanduku la bati tayari. Lakini mafuriko yalikuwa yamekata reli huko njiani, na barabara nayo imegeuka mto.

Hafswa alisimama mlangoni akaisoma telegramu kwa sauti. Nafasi ingeshikwa mpaka Jumatatu asubuhi, kisha angepewa aliye wa pili. Chuo kimemlipia kiti kwenye ndege ya Jumamosi. Kwa kuwa msichana hajatimiza umri, mzazi atie sahihi kwenye fomu iliyoko kwenye ofisi ya uwanja, na fomu irudishwe Ijumaa kabla ya saa kumi.

"Treni niliridhia," Ghanim alisema. "Ndege sikuridhia."

"Treni imekatika, baba."

"Basi wangoje iungwe."

"Nafasi haingojei, baba."

"Hafswa."

"Abee."

"Nazi ukiiacha hewani yafanya nini?"

"Yaanguka."

"Na nazi haina hata chuma ndani yake."

"Haina injini pia," Hafswa alisema kwa upole.

Khale Kafedha, aliyekuwa akichambua mchicha kwenye mkeka, aliinama ili kicheko chake kisionekane. Ghanim akavaa kofia yake akatoka. Hakukataa, na hakukubali. Jumatano Hafswa alikwenda uwanjani akaileta fomu, akaiweka chini ya taa ya chemni, na hapo ikakaa, nyeupe, kila mtu akiipita kama mgeni asiyekaribishwa.

Alhamisi Nicanor alirudi, safari hii na roli la uwanja.

"Fundi, soksi yako imefanya vituko. Njoo uone mwenyewe kabla mimi sijafukuzwa kazi."

Ghanim alichukua shazia, uzi na kisu chake, akapanda mbele. Barabara ya uwanjani ilikuwa imenyooka, na Nicanor alikuwa dereva wa kuendesha kwa haraka. Upepo uliingia dirishani ukampeperushia Ghanim kofia, akaiweka magotini.

"Nasikia binti yako anapanda Jumamosi," Nicanor alisema.

"Nani kasema?"

"Kijana wa tikiti. Anasema hujatia sahihi."

"Uwanja wenu wajua kila kitu isipokuwa kujibu barua."

Nicanor akabadilisha gia. Kisha akasema, "Toa mkono wako nje ya dirisha, fundi. Laza kiganja chini, kama unakiweka juu ya meza."

"Ili ukatwe na mti?"

"Hakuna mti. Hii mkono yako haitakatwa."

"Mkono huu wangu. Waingereza walikupa ndege, Kiswahili hawakukupa."

"Kiswahili utanipa wewe. Toa mkono."

Ghanim akautoa. Upepo ukagawanyika ukapita, juu na chini, bila neno.

"Sasa inua upande wa dole gumba. Kidogo tu."

Akainua. Mkono ukapanda. Haukupandishwa na yeye. Ulipandishwa, kama mtu aliyeshikwa kwapa. Ghanim aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Akaushusha, akainua tena ule upande, ukapanda tena.

"Hilo ndilo bawa," Nicanor alisema. "Bawa linakwenda mbele limeinua uso kidogo. Juu limefura, chini halikufura sana. Upepo unaopita juu unakimbia, hausukumi kwa nguvu. Wa chini unasukuma zaidi. Na bawa linautupa upepo chini nyuma yake. Mtu akipanda ngazi anakanyaga chini ili aende juu, sivyo? Ndege inakanyaga upepo."

"Na nikiinua zaidi?"

"Jaribu."

Ghanim akasimamisha kiganja. Upepo ukaupiga mkono nyuma, ukagonga mlango, na ile nguvu ya kuinua ikatoweka.

"Hapo ndipo ndege inapoanguka," Nicanor alisema. "Sikufichi. Rubani akiinua pua kupita kiasi, au akienda polepole kupita kiasi, bawa linaacha kubeba. Ndiyo maana anafundishwa miaka. Injini kazi yake si kuinua, fundi. Injini inasukuma mbele tu, bawa lipate upepo wa kukanyaga. Nazi yako haina bawa, ndiyo maana inaanguka."

"Nazi nani kakwambia?"

"Binti yako, alipokuja kuchukua fomu. Kijana wa tikiti alicheka mpaka akamwaga wino."

Ghanim akatazama nje ili asionekane akitabasamu.

Uwanjani mfuko ulikuwa juu ya mlingoti, na aibu yake ilionekana kutoka mbali. Ulikuwa umevimba kama kiriba, ukijipiga kwenye mlingoti, ukijinyonga kulia, ukijinyonga kushoto, kisha ukianguka ghafla kana kwamba umekata roho, na baada ya muda ukiruka tena. Upepo wenyewe ulikuwa mmoja, umetulia, wa kusini. Mfuko ndio uliochanganyikiwa.

"Ndege kubwa zinaambiwa upepo kwa redio," Nicanor alisema. "Hizi ndogo zinatazama soksi. Jana moja imezunguka mara tatu, rubani hajui ashukie wapi. Akashuka akatukana watu wote, kuanzia mimi."

Waliushusha. Ghanim aliushika mkia wake, mishono miwili, hata uzi mmoja haujalegea. Ilikuwa ni kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule. Alikaa nayo magotini.

"Wakubwa walisema ncha zote wazi," alisema, kama anayetafuta mlango wa kutokea.

"Walisema."

"Sikuwaamini."

"Najua. Nilikuona ulivyoisoma ile karatasi. Ungekuwa na sumu ungeimwagia."

Ghanim akachomoa kisu, akaukata mkia. Akaupinda ukingo, akaushona kwa kuuzungusha ili turubai lisichanike, na wakaupandisha. Upepo ukaingia mdomoni, ukapita, ukatokea mkiani. Mfuko ukanyooka. Ukasimama hewani mzima, mkia umeelekea kaskazini, ukitetemeka kidogo tu, kama kidole cha mtu anayeonyesha njia.

"Ukisimama wote namna hiyo, upepo ni wa nguvu," Nicanor alisema. "Ukining'inia nusu, ni mdogo. Na ndege siku zote hushuka na kuruka ikiuelekea upepo. Upepo wa mbele ni bure. Bawa linaupata kabla injini haijafanya kazi."

Ghanim akageuka polepole. Upande wa kaskazini, nyuma ya seng'enge, aliliona paa lake. "Kwa hiyo miezi ya kusi…"

"Zinakuja kutoka kaskazini kushuka. Juu ya ile nyumba pale ya makuti. Na wakati wa kaskazi zinarukia huko huko. Ni ya nani ile? Kuna mzee alituandikia barua tatu."

"Simjui," Ghanim alisema.

Kabla hajarudi, Nicanor alimpeleka kwenye ndege ya injini mbili iliyosimama kivulini, ile ile ya Jumamosi. Ilikaa mkia chini pua juu, kama mbwa aliyeketi. Ghanim aliizunguka bila kuigusa. Alipofika nyuma, kwenye lile bapa la mkiani linalogeuzwa kuielekeza ndege kulia na kushoto kama usukani wa mashua, akasimama. Akaliinamia. Akalipiga kwa ukucha.

"Hiki ni kitambaa."

"Kitambaa," Nicanor alisema. "Mwili ni bati, lakini usukani, na vile vya kuinua pua na kuilaza upande, vimevikwa kitambaa, kisha vikapakwa dawa ya kukaza. Vikiwa vizito rubani hataweza kuvigeuza."

"Na kimeshonwa."

"Kwenye kila ubavu. Kila mshono na fundo lake."

Mtu aliyetafuta makosa ya wakubwa kwa miaka minne hakuhitaji kufundishwa kutafuta. Ghanim aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akapitisha kidole juu ya mishono iliyofichwa chini ya utepe, mmoja mmoja, toka juu mpaka chini. Akaenda upande wa pili akaanza upya. Nicanor aliwasha sigara mbali na ndege, akaimaliza.

"Nani kashona?"

"Mzungu alinionyesha. Huu upande nilishona mimi."

Ghanim akarudisha kidole kwenye fundo moja. "Fundo lako lapita mara mbili," alisema mwishowe. "Mimi ningelipitisha mara mbili vilevile."

Aliporudi nyumbani, Hafswa alimtazama usoni. Fomu ilikuwa bado chini ya taa. Ghanim alikula, akaswali, akalala, na asubuhi ya Ijumaa akamwambia Kafedha jikoni:

"Ndege nimeifahamu. Haina uchawi. Lakini wenyewe siwaamini. Watu walioshindwa kunyanyua kalamu, mimi niwape mtoto wamnyanyue mbinguni?"

"Kalamu," Kafedha alisema, akageuza chapati. "Haya, nenda msikitini."

Alipotoka kuswali Ijumaa alikuja taratibu, viatu vimejaa mchanga. Alipokata kona ya nyumba alimwona Hafswa ameketi kwenye kibaraza, amevaa buibui lake la kutokea, sanduku la bati kando yake. Fomu alikuwa nayo magotini. Upepo ulikuwa umeanza kuyumba siku ile, unavuta huku na huku, na Hafswa alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili isije ikachukuliwa.

Ghanim alisimama. Alilijua benchi lile. Aliijua ile namna ya kukaza vidole, na kutazama mlango bila kuutazama.

"Yuko hapo tangu saa nne," Kafedha alisema kutoka dirishani. "Nimemwambia aingie ndani ale, hataki. Asema huenda ukarudi mapema." Kisha akaongeza, si kwa ukali: "Yule afisa alikuwa na meza, shemeji. Wewe huna hata meza."

Neno lile lilimwingia Ghanim pahala ambapo shazia haingefika. Alivua kofia. Akavaa tena. Akaketi kwenye kibaraza karibu na mwanawe.

"Hafswa."

"Abee, baba."

"Kalamu iko wapi?"

Jina lake kwa herufi za kizungu hakuliandika, alilichora, na siku ile alilichora polepole kuliko siku zote, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Hafswa hakupumua mpaka herufi ya mwisho. Wino haujakauka, Ghanim akainuka na karatasi mkononi.

"Wapi tena, baba?"

"Uwanjani. Naipeleka mwenyewe. Sitaki ingoje mtu."

Alifika saa tisa kasorobo. Kijana wa tikiti alipoiona sahihi, aliita mpaka Nicanor akatoka chini ya injini kuja kuitazama.

Jumamosi watu walikuwa wengi kwenye uzio, kwa kuwa reli ilikuwa bado imekatika na kila aliyekuwa na safari ya haraka na njia ya kuilipia alikuwa pale. Hafswa alimbusu babake mkono. Ghanim alimpa kifurushi cha mikate ya sinia kutoka kwa Kafedha na akamwambia neno moja tu, "Bismillahi." Akamwona anapanda ngazi, buibui limeshikwa kwa mkono mmoja, akainama, akaingia.

Abiria walikuwa wameambiwa ndege itarukia upande wa mkono wa bahari, kusini, kama ilivyoruka wiki nzima, na wasindikizaji walijipanga kuelekea huko. Lakini Ghanim hakuwa akitazama ndege. Alikuwa akitazama mlingoti. Mfuko wake ulilegea, ukaning'inia kama mtu anayefikiri, kisha ukajaa upande mwingine, ukageuka wote, ukanyooka na mkia wake ukaelekea kusini. Kaskazi ilikuwa imebisha hodi.

"Mnatazama siko," Ghanim aliwaambia waliokuwa karibu naye.

Bwana mmoja mwenye koti, aliyekuwa akimuaga mkewe, alimtazama kanzu yake kuukuu toka juu mpaka chini. "Wewe ni nani hapa uwanjani?"

"Mimi? Mimi ni fundi wa upepo." Akaonyesha kwa kidole. "Itakwenda mpaka mwisho ule, igeuke, ije hivi. Itapita juu ya ile nyumba ya makuti."

Na ndege ilikwenda mpaka mwisho ule, ikageuka, ikaja. Mkia ukainuka kwanza, kisha magurudumu yakaiacha ardhi, wepesi, kama kiganja dirishani. Ghanim aliona ule usukani wa kitambaa ukigeuka kidogo, ukarudi. Kelele ikapita juu ya uzio, ikapita juu ya nyasi za serikali na kuku walioko humo, ikapita juu ya paa. Uani, Khale Kafedha alikuwa katikati ya majirani, amevua leso yake ya pili, anaipunga kwa mikono miwili. Vikombe, bila shaka, vilicheza kabatini.

"Wallahi kweli," yule bwana wa koti alisema.

Baada ya wiki mbili barua ilikuja. Ghanim aliipeleka uwanjani akasomewe na Nicanor, ambaye kusoma alijua ijapokuwa matamshi yake yalimkera. Hafswa alifika salama, Jumatatu alikuwa darasani. Aliandika mengi kuhusu baridi. Kisha akaandika: "Ndege ilipopita nyumbani nilimwona Khale, nikaona na paa letu. Baba, lina tundu kubwa upande wa kibla, kutoka chini halionekani. Liezeke kabla ya mvua nyingine."

"Miaka minne maji yaingia," Ghanim alisema, "nami nalaumu mtu aliyekata makuti."

"Wakubwa," Nicanor alisema.

"Kimya wewe. Na siku wakikupa kazi ya ufundi mkuu ya yule Mzungu wako, kama Uhuru wenyewe utakuja, nitakuandikia barua za malalamiko. Usiponijibu utanijua."

"Nani atakuandikia?"

Ghanim alifikiri. "Nitachora mwenyewe," alisema.

Kesho yake alipanda juu ya paa na mzigo wa makuti. Tundu lilikuwa palepale aliposema mwanawe. Alikuwa amekwisha funga safu mbili aliposikia mngurumo nyuma ya minazi, na kaskazi ikimpiga usoni. Hakushuka. Alishika boriti kwa mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto hewani, kiganja chini, akainua kidogo upande wa dole gumba.